Jibu: 504 bashe ya marehemu baba, niweke injini gani?

Mdogo wangu wa Goma, umeandika kwamba marehemu baba amekuachia Peugeot 504 bashe (kamyoneti, yaani pikapu) ya mwaka 1985, injini yake ya petroli imekwama, bodi "si mbaya sana", na unataka kuiwekea injini ya Toyota ili ikimbie kama gari za leo. Umeuliza injini gani. Mimi nimefufua moja hapa Lubumbashi. Ilikuwa ya baba mdogo, ikabeba makala na unga miaka mingi, kisha ikasimama uani Katuba chini ya mwembe mpaka majani yakaota ndani ya sanduku la mzigo. Ilinichukua miaka miwili na zaidi. Swali la injini nitalijibu, ila sitaanza nalo, maana mimi nilianza nalo na nusura linitoe roho.

Injini mpya ilipowaka, furaha ilinizidi. Wiki hiyohiyo niliitoa barabara ya Kasapa, sanduku tupu. Mvua ya Desemba ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, ule wakati vumbi jekundu na mafuta vinachanganyika juu ya lami na kuwa kama sabuni. Taksi iliyokuwa mbele ikasimama ghafla kuchukua abiria. Nikakanyaga freni. Magurudumu ya nyuma yakafunga, mkia ukaja ubavuni, tukazunguka mpaka nikawa natazama kule nilikotoka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Kijana niliyekuwa naye hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Siku ya pili nilimwita mzee mmoja wa Kamalondo, fundi aliyezijua 504 tangu enzi za Zaire. Hakufungua hata kapo (boneti). Alilala chini, akaingia nyuma na tochi, akaniuliza: "Mwanangu, nani aliufunga huu waya?"

Sikiliza kilichokuwa kule. Kamyoneti tupu haina uzito nyuma. Ukikanyaga freni, uzito wote unakimbilia mbele na nyuma inabaki nyepesi, kwa hiyo freni ya nyuma inafunga kirahisi sana. Kwa ajili hiyo kuna valvu inayounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono mdogo wa chuma. Sanduku likijaa, gari linakaa chini, mkono unasogea na freni ya nyuma inapata nguvu yote. Likiwa tupu, valvu inabana na kuipunguzia. Kwenye gari yetu mkono ule ulikuwa umefungwa kwa waya upande wa mzigo, gari ikiamini siku zote kwamba imebeba. Kwa zile safari za makala haikuonekana, maana haikuwahi kutembea tupu kwa kasi. Nilipoipa nguvu mara mbili, ikaonekana.

Kwa hiyo anzia hapo. Masta silinda mpya, hozi zote mpya, plakete (pedi za freni) na diski za mbele, mpira wa kila silinda ya gurudumu, na ile valvu isafishwe na kupimwa sanduku likiwa tupu na likiwa limejaa. Kumbuka pia kwamba nguvu ambayo freni inapaswa kuimeza haipandi sawa na mwendo. Kutoka kilomita 80 kwa saa mpaka 110 unaona ni nyongeza ndogo, lakini freni zinabeba karibu mara mbili. Freni zilizotosha kwa injini ya zamani hazitatosha kwa injini unayoitaka.

La pili ni tole, yaani bati la bodi. Umesema bodi si mbaya sana, na mimi nilisema hivyohivyo. 504 ilitoka mwaka 1968 ikiwa gari ya familia, umbo lake la Pininfarina, na mwaka 1969 ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya. Kamyoneti ilifuata mwaka 1979, na kabini yake ni ya ile gari ya familia. Haina fremu kamili inayojitegemea kama Hilux, ambayo unaweza kuinyanyua bodi na chini ikabaki gari. Kwa hiyo kutu ya sakafu na ya boriti za pembeni usiichukue kama doa la rangi, ni mfupa unaooza. Chukua bisibisi, uchokonoe boriti zote mbili chini ya milango, sehemu za juu ambako amortiseri (shokabzoba) za mbele zimefungwa, na kona ya chini nyuma ya kabini, pale inapokutana na sanduku. Kona hiyo ndiyo inayojikunja kila gari likipita shimo na mzigo. Yetu ilikuwa na masti, ile puti ya kuziba mashimo ya bodi, nene kama mkate, na ndani yake gazeti. Nasema kweli, gazeti! Tulikata mpaka tukafika kwenye chuma kizima, tukachomelea tole mpya ya unene uleule, tukapaka dawa ya kutu ndani na nje kabla ya rangi. Nusu ya pesa yangu yote iliishia hapo na siijutii. Wewe uliye Goma, na yale mawe ya volkano yanayoitikisa gari kuanzia asubuhi mpaka jioni, usimruhusu mtu kuficha kitu kwa masti.

Sasa injini.

Kabla ya Toyota, mwite mtu afungue ile ya asili. Kukwama si kufa. Nyingi zimekwama kwa sababu ya ringi zilizoshikwa na kutu baada ya kukaa, na 504 ya petroli ni injini rahisi, ina kabureta na hakuna kompyuta. Ukiifufua, weka mfumo wa cheche wa elektroniki badala ya vizi platine (pointi za cheche), na ubadilishe jigleri za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli. Goma iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, sisi Lubumbashi karibu 1.200. Hewa ni nyepesi, kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, ndiyo maana bujii (plagi) zinakuwa nyeusi na gari inakohoa kwenye mlima. Kila mita 1.000 inakula karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya injini isiyo na turbo. Kama bashe yako itafanya kazi ya mjini na kwenda Sake na kurudi, kwa maoni yangu hiyo inatosha, na itabaki gari ya baba yako.

Mimi nilihitaji Likasi na Kasumbalesa na mzigo, kwa hiyo niliweka 3RZ ya Toyota, ile ya lita 2,7 yenye nguvu za farasi kama 150. Nilichagua hiyo kwa sababu ina sindano za petroli na kompyuta inayojirekebishia hewa, inatumia mnyororo badala ya mkanda, na vipuri vyake viko kila duka kwa kuwa iliwekwa kwenye Hilux na Prado. Lakini usidhani inaingia tu.

Injini ya Peugeot imelala ubavu, nyuzi 45, ndiyo maana kapo ya 504 iko chini vile. Ya Toyota inasimama wima. Ukiiweka juu, inagonga kapo. Ukiishusha, karteri, lile beseni la oili chini ya injini, inagonga boriti inayobeba usukani. Mafundi wawili walitaka kutoboa kapo, nikakataa, maana kapo nzuri ya 504 hukuti tena kirahisi. Tulikata karteri na kuichomelea upya, ikapungua kimo na kuongezeka upana, ili ichukue oili ileile, na mdomo wa pampu ubaki umezama hata ukipanda mlima. Kazi hiyo peke yake ilikula mwezi mzima, na tulimwaga maji ndani mara tatu kutafuta panapovuja kabla ya kutia oili.

Gia, shafti na difu usichanganye. Chukua vyote vya Hilux ya zamani isiyo 4x4, kwa sababu difu ya 4x4 ni pana na tairi zitatoka nje ya sanduku. Pima mwenyewe kwa mita kabla ya kulipa. Difu hiyo inakuja na malamu zake, zile springi za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na mahali pa kuzifunga panahitaji kuongezwa chuma. Hapo tafuta mchomeleaji bora kuliko wote unaowajua. Na ukibadilisha difu, ile valvu ya freni inabidi ipangwe upya, kwa kuwa mkono wake unashika ekseli tofauti.

Nyaya: mimi nilinunua injini iliyotoka upande wa Zambia, na muuzaji alikuwa ameshakata nyaya zote karibu na injini ili imtokee kirahisi. Tulikaa wiki tano kutafuta waya upi ni wa nini. Wewe lipa zaidi upate injini, kompyuta na nyaya zake nzima, na uione inawaka hapohapo. Pampu ya petroli ya kabureta nayo haifai kitu hapa, haifiki hata nusu bar, na sindano zinataka karibu bar 3. Weka pampu ya umeme, mabomba mapya yanayostahimili presha, na bomba la kurudisha petroli kwenye tanki. Radiatori iwe kubwa zaidi. Ya asili ilichemsha maji kabla sijafika Likasi.

Mbele usiishushe wala usikaze springi ili ionekane ya mbio. 504 ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1975 kwenye barabara kama zetu, na ule ulaini wa mbele unaomeza mashimo ndio utajiri wake. Amortiseri mpya, basi. Rangi, viti na taa ni juu yako, nisikupotezee muda. Ila namba ya injini mpya iandikishwe kwenye karte rozi (kadi ya gari) mapema, na uitunze karatasi ya ununuzi, maana kizuizini swali la kwanza ni hilo.

Yangu sasa inapanda Likasi na magunia ishirini ya unga bila kubadilisha gia kila kilima, na ikirudi tupu kwenye mvua inasimama imenyooka. Baba mdogo hukaa pembeni yangu, mkono nje ya dirisha, na hupenda kupita sokoni Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, ili watu waione.

Weekend hii chukua bisibisi na tochi. Piga picha ile kona ya nyuma ya kabini, pande zote mbili, na mkono wa valvu ya freni ulivyo, uziweke hapa tuzione kabla hujampa mtu yeyote pesa ya injini.