Hesabu Miezi Yako Ukiwa Bado Kazini

Januari 2020, nikiwa na umri wa miaka 47, nilimsindikiza mfanyakazi mwenzangu katika ofisi ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Tanzania, alikokuwa akifuatilia mafao yake. Kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na mimi sikuwa na la kufanya, niliomba na mimi nipewe taarifa ya michango yangu. Nilijua kwamba nilianza kuchangia Januari 2004, hivyo hesabu ya kichwani ilinipa miaka 16 kamili, yaani miezi 192. Karatasi niliyokabidhiwa ilionyesha miezi 171.

Tofauti ya miezi 21 inaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliyefanya kazi miaka 16, lakini haikuwa ndogo kwangu. Ili mwanachama alipwe pensheni ya kila mwezi anapostaafu, kwa hiari akiwa na miaka 55 au kwa lazima akiwa na miaka 60, anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180. Aliye chini ya hapo hulipwa mkupuo, yaani fedha za mara moja, na uhusiano wake na mfuko huishia hapo. Mimi niliyekuwa nikijigamba nyumbani kwamba nimekwishavuka mstari huo, kumbe nilikuwa nyuma yake kwa miezi tisa.

Miezi saba kati ya ile iliyopungua ilieleweka mara moja, kwa sababu ni kipindi nilichokaa bila ajira baada ya kupunguzwa kazini, na hakuna mwajiri anayemchangia mtu asiyemwajiri. Miezi 14 iliyobaki ndiyo iliyoniuma. Ilikuwa ya mwaka 2011 na 2012, nilipokuwa karani wa ghala kwa mwajiri ambaye kila mwisho wa mwezi alinikata asilimia 10 ya mshahara na kuandika makato hayo kwenye hati yangu, lakini hakuyawasilisha kwenye mfuko, wala hakuwasilisha asilimia 10 yake. Mshahara wangu wakati huo ulikuwa shilingi 420,000. Kila mwezi mfuko ulipaswa kupokea 84,000 kwa jina langu, na haukupokea chochote. Mimi niliona makato kwenye karatasi nikaamini yamefika, kama mtu anayempa kondakta nauli na kuamini kwamba basi litafika.

Kilichoniokoa ni bati la biskuti. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, ana tabia ya kutotupa karatasi yoyote yenye tarakimu, na katika bati hilo, chini ya risiti za vitambaa, tulizikuta hati zangu za mshahara za miezi 11 kati ya ile 14. Za miezi mitatu zilikuwa zimekwenda kuwashia jiko la mkaa, na nakiri kwamba aliyeziwasha ni mimi. Nilizipeleka nakala za hati hizo ofisini pamoja na mkataba wangu wa ajira, mwajiri akaandikiwa, na baada ya mwaka mmoja na ushee wa kufuatilia, miezi 11 ikaingia. Ile mitatu haijaingia mpaka leo, kwa sababu sina cha kuonyesha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeajiriwa ni kutunza kila hati ya mshahara na kuomba taarifa ya michango angalau mara moja kwa mwaka, akilinganisha mwezi kwa mwezi. Usisubiri kuhama kazi, kwa sababu mwajiri uliyemwacha huwa mgumu kukumbuka, na kampuni ikifungwa hata wa kuandikiwa barua hapatikani kwa urahisi.

Naona ajabu kidogo ninaposikia mazungumzo ya vijiweni kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni. Tangu kanuni za mwaka 2018 zilipozua malalamiko na kusitishwa Desemba mwaka huohuo, na hasa baada ya kikokotoo kipya kuanza kutumika Julai 2022, karibu kila mfanyakazi anaweza kukwambia mkupuo ni asilimia ngapi ya mafao, lakini ukimuuliza ana miezi mingapi ya michango, anakutazama. Na miezi ndiyo inayobeba hesabu yote. Chukua mwenye miezi 240 na wastani wa mshahara wa shilingi 900,000: miezi hiyo inagawanywa kwa 580, kisha jawabu linazidishwa kwa wastani wa mshahara, na linalopatikana ni takribani 372,000 kwa mwezi, kabla ya kutolewa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Anayeuchukua mkupuo atabaki na pensheni ya mwezi iliyo chini zaidi ya hapo. Afadhali mtu aione tarakimu hiyo akiwa na miaka 45 kuliko akiwa na 60.

Baada ya tukio lile, mimi na mke wangu tulianza kukaa mezani kila mwezi na hati ya mshahara mbele yetu, jambo ambalo katika miaka 18 ya ndoa hatukuwa tumelifanya hata mara moja. Swali lake la kwanza lilikuwa la haki kabisa: “Baba watoto, kwa nini wakukate wakati watoto wanadaiwa ada?” Tulipiga hesabu kwa mshahara wangu wa sasa wa 900,000. Makato ya mfuko ni 90,000, na kodi ya lipa kadri unavyopata hukokotolewa kwenye 810,000 zinazobaki, si kwenye mshahara wote, hivyo nalipa kodi ya 80,500 na kuchukua nyumbani 729,500. Kama nisingechangia, kodi ingekuwa 103,000. Maana yake mchango wa 90,000 unanipunguzia kodi ya 22,500, kwa hiyo kutoka mfukoni mwangu zinatoka 67,500 tu, lakini mwajiri akiongeza 90,000 zake, mfuko unapokea 180,000. Hajauliza tena swali lile, ingawa ada bado zinadaiwa.

Yeye naye alikuwa na hesabu yake ya kujifunza. Mwaka 2023 mauzo ghafi ya ushonaji wake yalifikia kama shilingi milioni 10, na kwa viwango vya mfanyabiashara mdogo vilivyotumika mwaka huo, asiyetunza kumbukumbu za mauzo katika kundi la kati ya milioni 7 na milioni 11 alitozwa 250,000 kwa mwaka, wakati anayezitunza alitozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 7. Kwake hiyo ilikuwa 180,000. Daftari la shilingi elfu mbili lilimwokolea 70,000. Bati la biskuti sasa lina mwenzake.

Kwa kuwa aliyejiajiri hana mwajiri wa kumkata, tulikubaliana kwamba naye ajiunge na mfuko kwa hiari, na achangie siku ileile anapopokea malipo ya sare za shule, kwa sababu Januari ndipo fedha zake zinapokuwa nyingi na ndipo zinapopotea haraka. Fedha za dharura tumeziweka kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako zinapatikana ndani ya siku chache za kazi; nimegundua kwamba siku hizo chache zinatosha kupoza haja nyingi zisizo za lazima. Tulipofikisha milioni moja ya ziada tulinunua hatifungani ya serikali, yaani tuliikopesha serikali kwa riba, kupitia benki, na riba yake inayolipwa kila miezi sita tumeipangia ada moja kwa moja. Upatu hatukuuacha, lakini tunauhesabu kuwa njia ya kununulia vyombo, si akiba ya uzeeni.

Kuhusu kodi ya jengo sina mengi. Inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kidogokidogo kila mwezi, na kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba mapema akufidie kwenye pango, kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwenye jengo.

Kila Januari, baada ya wateja wa sare kupungua, ninaomba taarifa mpya ya michango na tunailinganisha na hati zilizomo kwenye bati. Mke wangu ndiye anayesoma, mimi ndiye ninayeweka alama. Tunapofika kwenye ile miezi mitatu ya mwaka 2012 hunyamaza kidogo, hulitazama jiko, kisha huendelea na mwezi unaofuata.