Keneli ikigoma, uliza kwanza: faili hili litaendeshwa na mashine ipi?

Siku mbili nzima nilipambana na mstari mmoja tu wa kosa, na nisingependa mtu mwingine azipoteze siku zake hivyo. Nilikuwa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja yenye prosesa ya ARM, pamoja na kifaa kidogo cha USB ambacho draiva yake (programu inayokiendesha) ilikuwa imezimwa kwenye keneli niliyokuwa nayo, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Dawa yake ilikuwa moja: kuchukua msimbo wa Linux, kuiwasha hiyo draiva, na kukompaili keneli upya, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu ambayo mashine inaweza kuiendesha.

Nilianzia kwenye Pi yenyewe. Kazi ilikwenda polepole mno, uvumilivu ukanishinda katikati, nikaikatisha. Nikanakili folda nzima kwenda kwenye laptopu yangu ya Intel ili niendelee pale nilipoishia. Nilipoandika `make`, amri inayosimamia ujenzi, nikajibiwa hivi:

`scripts/basic/fixdep: Exec format error`

Nikaamini kompaila, programu inayofanya ugeuzaji huo, ni mbovu. Nikaitoa nikaiweka tena, nikabadilisha toleo, nikashusha msimbo upya na bando likaniishia. Jioni ya siku ya pili ndipo nilipoandika `file scripts/basic/fixdep`, na laptopu ikaniambia kwamba hiyo ni programu ya ARM aarch64, yaani ya prosesa za ARM za biti 64. Basi! Ilikuwa imekompailiwa kule kwenye Pi. Laptopu ya Intel ingeiendeshaje? Na `make`, kwa kuwa iliona faili lipo na ni jipya kuliko chanzo chake, haikuona sababu ya kulitengeneza tena.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo maelekezo mengi hulipita haraka. Unapokaa kwenye mashine moja ukakompailia nyingine, kompaila zinazofanya kazi ni mbili. Ya kwanza ni `gcc` ya kawaida ya laptopu. Hiyo hutengeneza vijiprogramu vya kusaidia ujenzi, kama `fixdep`, `dtc` na ile inayoonyesha `menuconfig` (menyu ya kuchagua draiva), na vyote huendeshwa hapohapo kwenye laptopu. Ya pili ni `aarch64-linux-gnu-gcc`, inayotengeneza keneli yenyewe na moduli zake (vipande vya keneli vinavyopakiwa kando, kama draiva), ambazo laptopu haitaziendesha kamwe. Kila kosa utakalokutana nalo liko upande mmoja kati ya hiyo miwili. Ukishajua ni upande upi, umebakiza kidogo sana.

Dawa ya tatizo langu ilikuwa `make mrproper`. Ile `make clean` haikutosha, kwa sababu huviacha vile vijiprogramu mahali pake. Ila angalia: `mrproper` hufuta pia faili la `.config`, yaani uchaguzi wako wote wa draiva. Linakili pembeni kwanza.

Tangu siku hiyo nimetumia swali lilelile kwa makosa mengine mengi. Mfano ni `openssl/opensslv.h: No such file or directory`. Ukiwa na mawazo ya ARM kichwani, utakimbilia kutafuta `libssl-dev` (maktaba ya OpenSSL) ya arm64, yaani ya Pi. Mimi nilifanya hivyo, na haikusaidia kitu. Kinachoihitaji maktaba hiyo ni kijiprogramu cha kushughulikia vyeti, nacho huendeshwa kwenye laptopu, kwa hiyo unachotakiwa kuweka ni `libssl-dev` ya kawaida ya laptopu yako. Ni vivyo hivyo kwa `flex`, `bison`, `bc` na `libelf-dev`.

Au `multiple definition of 'yylloc'`. Hili huwapata wanaokompaili msimbo wa zamani, hasa ule ambao mtengenezaji wa bodi aliutoa mara moja kisha hakuugusa tena. Kuanzia GCC 10, iliyotoka mwaka 2020, kompaila haikubali tena kigeu kimoja cha jumla kutangazwa kwenye faili mbili kama zamani. Wengi hubadilisha kompaila ya ARM na kosa linabaki palepale, kwa sababu `dtc` hujengwa na `gcc` ya laptopu. Fungua `scripts/dtc/dtc-lexer.l` (na `dtc-lexer.lex.c_shipped` kama ipo kwenye folda hiyo), ufute mstari wa `YYLTYPE yylloc;`, kazi itaendelea.

Upande wa pili, makosa mengi hutoka kwenye maneno mawili: `ARCH=arm64` na `CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-`. Kistari cha mwisho ni sehemu ya jina. Kikikosekana, `make` itatafuta `aarch64-linux-gnugcc`, ambayo haipo. Na maneno hayo lazima yawepo kwenye kila amri, `menuconfig` ikiwemo. Ukiyasahau mara moja tu, `.config` yako inaweza kugeuzwa kuwa ya Intel. Jizoeze kutazama kichwa cha menyu kabla ya kugusa chochote: kisomeke Linux/arm64. Kikisomeka Linux/x86, toka bila kuhifadhi.

Kuna na `sudo`, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, unayoihitaji wakati wa kuweka moduli. Hata kama umeyaweka maneno yale mawili kwa `export`, kwa kawaida `sudo` huviacha vigeu vyako nje ya mlango. Viandike baada yake, pamoja na `INSTALL_MOD_PATH` inayoelekeza kwenye kadi ya SD, la sivyo moduli za Pi zitaingia kwenye `/lib/modules` ya laptopu.

Ukitumia `make -j8` (kazi nane kwa pamoja), mstari wa mwisho kwenye skrini mara nyingi si kosa lenyewe. Panda juu hadi neno `error` la kwanza, au rudia kwa `make -j1 V=1`. Ukiona `Killed`, huenda RAM imekwisha. Punguza namba ya `-j`. Na kwa sisi ambao umeme hukatika bila taarifa: ukirudi ukakuta `file not recognized`, kuna faili tupu zilizobaki. `find . -name '*.o' -size 0 -delete` itazifuta, nawe utaendelea bila kuanza upya.

Wanaotumia Windows wasiweke msimbo kwenye diski ya C. Keneli ina `xt_TCPMSS.c` na `xt_tcpmss.c` katika folda moja, na Windows kwa kawaida huziona kama faili moja.

Keneli ikishakamilika, usiifute ya zamani. Ipe mpya jina lake, tuseme `kernel8-mpya.img`, kisha andika `kernel=kernel8-mpya.img` kwenye `config.txt`, faili la mipangilio ya kuwaka ya Pi. Ikigoma kuwaka, unafuta mstari mmoja tu. Ikiwaka lakini moduli zikakataa, soma `dmesg` (ujumbe wa keneli): `version magic`, alama ya toleo iliyo ndani ya moduli, hutofautiana hata kwa alama ya `+` mwishoni mwa toleo, na maana yake ni kwamba keneli na moduli hazikutoka kwenye ujenzi mmoja.

Nunua pia kebo ya USB ya serial, inayoleta maandishi ya keneli kwenye laptopu, ya volti 3.3 na si 5. Ardhi iende pini ya 6 ya Pi, waya wa kupokea pini ya 8, wa kutuma pini ya 10, na `enable_uart=1` kwenye `config.txt`. Skrini inapobaki nyeusi, kebo hiyo ndiyo itakayokuonyesha keneli yako imefika wapi.