Usiifunge redio kwenye kasi ya juu: yaliyonikuta Kitunda

Wakuu, habari za jioni.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ana ofisi Mtwara mjini na ghala upande wa Mikindani. Kaunganisha kwa redio mbili za 5 GHz (vifaa vya kurushiana mtandao kwa mawimbi, bila waya), na kasi ya kiungo inacheza, mara megabiti 170 kwa sekunde, mara 60, mara 26. Fundi wake kamshauri mambo mawili: aifunge redio kwenye kasi ya juu "isiyumbe", na aongeze kifurushi kwa sababu simu za video zinakatika mchana.

Mkuu, usifanye hata moja kwanza. Hilo la kufunga kasi mimi nilishalifanya, likanivusha bahari mara nne kwa nauli yangu.

Nipo Lindi, nafunga kamera na mitandao midogo midogo. Miaka kadhaa nyuma nilimfungia mzee mmoja wa Kitunda, ng'ambo ya mji, mwenye duka la miamala na fotokopi. Redio moja juu ya ghorofa huku mjini, nyingine kwenye mlingoti nyuma ya duka lake. Katikati ni maji matupu, hakuna hata mnazi wa kuzuia. Mawimbi yalikuja safi mno. Ila kasi ilikuwa inapanda na kushuka kama ya kwako, nikakereka. Nikatoa tiki kwenye sehemu ya redio kujichagulia kasi, nikaikaza juu kabisa, nikapima, nikapiga picha ya skrini, nikalipwa.

Wiki ya pili simu zikaanza. "Fundi, mtandao umekufa." Navuka, nikifika upo. Nakaa nusu saa nakunywa chai ya mzee, upo tu. Narudi mjini, kesho yake simu tena. Nikabadilisha waya, nikabadilisha chaja ya redio, nikasingizia umeme. Mwisho nikamwomba mzee aandike saa kila unapokata. Akatoa daftari la shule, akaandika kwa kalamu nyekundu: Jumatatu saa 4:10, Jumanne saa 4:50, Jumatano saa 5:35. Mimi naliangalia lile daftari sioni kitu. Nahodha mmoja wa mashua aliyekuja kutoa pesa akachungulia begani kwangu, akacheka: "Fundi, hizo si saa za maji kupwa hizo? Na juzi ilikuwa mbalamwezi, bamvua."

Nilinyamaza kabisa. (Maji yalikuwa yanakupwa na usiku vilevile, ila usiku duka limefungwa, hakuna wa kulalamika.)

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Mawimbi ya redio yanafika upande wa pili kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kudunda kwenye uso wa bahari. Wimbi la redio hizi lina urefu wa sentimita 5 hivi. Yakifika yote mawili pamoja yanasaidiana; yakifika yamepishana kwa nusu ya wimbi, yanauana. Sasa bahari yetu wakati wa bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, inashuka mita 3 na ushee, kwa hiyo ile njia ya kudunda inabadilika urefu kila saa. Kuna kimo fulani cha maji ambacho mawimbi yanauana, na kimo hicho kinakuja kwa saa tofauti kila siku, kwa sababu maji yenyewe yanasogea dakika 40 hadi 50 kwa siku.

Redio iliyoachiwa ijirekebishe inalijua hilo bila kuambiwa na nahodha. Mawimbi yakiwa safi inatumia 256-QAM, namna ya kupakia data nyingi kwenye wimbi, kila mpigo unabeba biti 8. Yakichafuka inashuka, 64-QAM ni biti 6, hadi QPSK ambayo ni biti 2 tu. Tena inaongeza biti za ulinzi: kwenye kasi za juu sehemu 5 kati ya 6 ni mzigo wako, kwenye za chini ni nusu kwa nusu. Fikiria risiti yenye maandishi madogo. Ikiwa kavu unasoma yote, ikilowa husomi hata jumla. Ukiandika kwa herufi kubwa yanaingia maneno machache, lakini hata ikilowa unasoma. Mimi nilikuwa nimeilazimisha redio iandike herufi ndogo kwenye risiti iliyolowa. Nilirudisha tiki, kiungo kikawa kinashuka maji yakipwa, hakikati. Baadaye nikashusha antena ya mjini kidogo, lile shimo la mawimbi likahamia kwenye kimo cha maji kisichofikiwa mara nyingi. Kwa hiyo kucheza kwa 170 na 26 si ugonjwa, ndiyo redio ikifanya kazi. Ugonjwa ni kama inashinda kwenye 26.

Sasa la simu za video, na hapa ndipo pesa zako zinataka kupotea.

Kompyuta nazo zinajirekebisha. TCP, yaani utaratibu ambao kompyuta hutumia kutumiana data, inaongeza mwendo kidogo kidogo, pakiti (kipande kidogo cha data) ikipotea inajua njia imejaa, inapunguza. Hii haikuwepo tangu mwanzo. Oktoba 1986 kiungo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo cha Berkeley kule Marekani, mita mia tatu na kitu tu, kilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini, mkuu. Kila mashine ilikuwa inatuma upya na upya juu ya foleni iliyokwisha jaa. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, akachapisha dawa yake mwaka 1988, na mpaka leo simu yako inaitumia kwa sura moja au nyingine.

Lakini dawa ile inategemea habari ifike mapema. Ruta nyingi (vile vifaa vya kugawa intaneti) zina foleni ndefu kupita kiasi, hazitupi pakiti, zinazirundika. Piga hesabu: pakiti 1,000 za baiti 1,500 ni biti milioni 12. Kama laini yako inapandisha megabiti 2 kwa sekunde, foleni hiyo ni sekunde 6. Karani wa ghala akianza kupandisha picha za stakabadhi, sauti ya bosi kwenye simu inapanga foleni nyuma ya picha. Hakuna kilichopotea, kwa hiyo kompyuta ya karani haipati habari, inazidi kusukuma. Ukinunua kifurushi kikubwa zaidi foleni itaisha haraka kidogo, ila karani ataijaza vilevile.

Dawa ni foleni inayojipima yenyewe. Kuna kanuni ya kusimamia foleni inaitwa CoDel, ya Kathleen Nichols na huyo huyo Jacobson, 2012. Haiangalii foleni ina pakiti ngapi, inaangalia pakiti imekaa muda gani. Zikiendelea kukaa zaidi ya milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, inaanza kutupa moja moja ili mtumaji ashtuke. Ndugu yake fq_codel anatenganisha foleni, sauti isikae nyuma ya picha. OpenWrt, programu ya bure ya ruta, inayo; ruta za MikroTik kuanzia programu yao ya RouterOS 7 zinayo, haiuzwi. Iwashe kwenye ruta inayotazama laini ya intaneti, uweke kikomo kama asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, la sivyo foleni itajijenga kwenye modemu ambako huna mamlaka. Kama laini ni ya 4G, pima saa mbaya, ile ya jioni mji mzima uko mtandaoni, tumia namba hiyo. Utapoteza kasi kidogo alfajiri, vumilia.

Kabla ya kugusa chochote, kesho piga pingi (kupima ujumbe unachukua muda gani kwenda na kurudi) kwenda nje mara mbili: laini ikiwa imetulia, halafu karani akiwa anapandisha picha. Na pingi nyingine kati ya redio na redio, kila saa, kutwa nzima, uandike na saa. Kama njia yako inakatiza maji ya ghuba, waulize wavuvi wa Mikindani maji yanakupwa saa ngapi, uandike pembeni. Leta namba hizo hapa tuziangalie.