Mchumba Wangu ni Mwislamu: Je, Kanisa Litatufungisha Ndoa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, na nimechumbiwa na Mwislamu ambaye wazazi wangu wanamheshimu. Hanilazimishi kusilimu, lakini kwao wanataka tufunge nikahi kwa sheikhe. Wanajumuiya wamemwambia mama kwamba nikiolewa naye sitapokea Komunyo tena. Je, ni kweli? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Milele, amina. Dada, waliomwambia mama yako hivyo wamesema nusu tu ya jambo. Mkatoliki anayefunga nikahi au ndoa ya bomani bila kibali cha Kanisa, ndoa yake si halali mbele ya Kanisa, na akiishi katika hali hiyo hawezi kupokea Ekaristi. Hata hivyo, mlango haujafungwa. Kanuni ya 1086 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaitaja ndoa kati ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa kuwa yenye kizuizi, na kizuizi hicho askofu wako anaweza kukiondoa, kwa maombi yanayopitia kwa paroko.

Kabla ya kupewa kibali utatamka kwamba uko tayari kuilinda imani yako, na utaahidi kufanya yote yaliyo katika uwezo wako ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Anayeahidi ni wewe; mchumba wako haahidi, ila ni lazima aelezwe waziwazi ulichoahidi. Nakusihi msiliahirishe jambo hili. Dini yake nayo inamtaka awalee watoto katika Uislamu, na wachumba wengi hunyamaza wakitumaini kwamba mapenzi yatalimaliza, mpaka mtoto wa kwanza anapozaliwa, babu wa upande mmoja anataka aadhiniwe sikioni na bibi wa upande wa pili anauliza tarehe ya ubatizo.

Liko jambo zito zaidi, ambalo mara nyingi halizungumzwi kabisa. Kwa Kanisa ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, mpaka kifo. Mwanamume anayeweka nia thabiti moyoni kwamba anabaki na haki ya kuoa mke wa pili, hata akitamka maneno yote mbele ya padre, ndoa hiyo ni batili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo huichukulia ndoa ya Kiislamu kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, isipothibitishwa vinginevyo. Muulize mchumba wako, naye akujibu kwa kinywa chake, si kupitia kwa mshenga.

Kuhusu nikahi, Kanisa haliruhusu sherehe mbili za kidini ambazo katika kila moja mnapeana upya ridhaa ya ndoa. Kwa kawaida mtafunga ndoa mbele ya padre na mashahidi wawili, bila Misa. Penye ugumu mkubwa, askofu anaweza kukuondolea hata sharti hilo, mradi ndoa ifungwe hadharani kwa namna inayokubalika, lakini hilo liombwe mapema, wala lisisubiri kadi za mwaliko zichapishwe.

Nenda kwa paroko pamoja na mchumba wako kabla familia hazijapanga tarehe, ukiwa na cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia uliyobatizwa.