Ritani kwanza, barua ya msamaha baadaye

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa msomaji wa Kibaigwa, ana kampuni ndogo ya kununua mahindi na alizeti: "Shikamoo kaka. Nimeandika barua TRA mara mbili kuomba nisamehewe adhabu ya kuchelewa ritani. Sijajibiwa, na deni nikiliangalia linazidi kupanda. Hawa watu wana roho mbaya au?"

Marahaba. Roho mbaya haihusiki hapa, mdogo wangu. Ujumbe wako ni mrefu, umeeleza mvua, bei ya alizeti na mhasibu aliyehamia Mwanza, lakini hakuna mahali umesema kwamba ritani yenyewe, yaani taarifa ya mapato na kodi inayopelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), ulishaiwasilisha. Kama bado, barua zako mbili zilikuwa zinaomba kusamehewa kosa ambalo unaendelea kulitenda.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaomba msamaha wa kitu wasichojua kimetoka wapi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, adhabu ya kutowasilisha ritani huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Huchukuliwa kiasi kikubwa kati ya viwili: asilimia 2.5 ya kodi ambayo ilikuwa haijalipwa mwezi huo unapoanza, au kiwango cha chini cha pointi, yaani pointi 5 kwa mtu binafsi na pointi 15 kwa kampuni. Thamani ya pointi kwa shilingi imo kwenye jedwali la sheria hiyohiyo.

Hayo maneno "sehemu ya mwezi" ndiyo yanayoumiza. Kampuni inayofunga hesabu Desemba inatakiwa iwe imepeleka ritani ya mwisho ifikapo Juni 30. Ukipeleka Julai 1 umeshakula mwezi mzima. Ukipeleka Agosti 1, miezi miwili. Kwa hiyo kama umechelewa na leo ni tarehe 29, lala ofisini ikibidi, ila isiingie tarehe 1.

Chukua kampuni iliyobakiza kodi ya shilingi 40,000,000 na ikapeleka ritani Oktoba 5. Asilimia 2.5 ni 1,000,000 kwa mwezi. Julai, Agosti, Septemba na hizo siku tano za Oktoba ni miezi minne: 4,000,000. Nyingine ililipa awamu zake za Machi, Juni, Septemba na Desemba, ikabakiza 3,000,000 tu. Asilimia 2.5 yake ni 75,000, kiasi kilicho chini ya pointi 15, kwa hiyo itatozwa pointi 15 kila mwezi. Na ile isiyodaiwa hata senti? Pointi 15 vilevile. Kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), ikapewa TIN (namba ya mlipakodi), ikakaa kabatini bila kuuza hata kalamu, inatakiwa ipeleke ritani ya sifuri. Ikiachwa mwaka mzima, ni pointi 180 kwa ritani moja. Wenye kampuni za namna hii hugundua siku wanapotafuta klirensi ya TRA, yaani cheti cha kutodaiwa kodi, ili wapate leseni ya Jiji au waombe zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, na hapo ndipo barua za machozi zinapoanza.

Pembeni ya adhabu kuna riba ya kuchelewa kulipa. Hii ni kitu kingine kabisa. Inafuata kiwango kinachotokana na Benki Kuu na inajumlishwa kila mwezi, riba juu ya riba. Usiichanganye na adhabu kwenye barua yako, maana sababu inayotetea moja mara nyingi haitetei nyingine. Wazabuni wetu wa hapa Dodoma huteleza sana hapa. Mtu ameleta samani Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, taasisi haijamlipa miezi minane, anaandika "sikupeleka ritani kwa sababu serikali haijanilipa." Kutolipwa kunaeleza kwa nini hukuwa na hela ya kodi. Hakuelezi kwa nini ulishindwa kujaza fomu. Ritani haidai hela ndipo ipokelewe. Ipeleke ikiwa na deni, kisha tetea riba kwa nyaraka za ankara zisizolipwa. Na kabla ya yote, kusanya hati zako za kodi ya zuio. Asilimia 2 waliyokukata kwenye bidhaa ni kodi yako iliyokwishalipwa, na isipoingizwa kwenye ritani utaonekana unadaiwa zaidi ya unachodaiwa.

Sasa msamaha wenyewe. Sheria inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kusamehe riba na adhabu akiridhika kwamba kuna sababu ya msingi. Inampa uwezo, haimlazimishi. Kodi ya msingi haimo kwenye msamaha huu. Watu bado wananiuliza habari za mwaka 2018, dirisha maalum lilipofunguliwa la kusamehewa hadi asilimia 100 ya riba na adhabu. Lilikuwa na muda wake na masharti yake, likafungwa. Anayekaa na deni akisubiri lingine anacheza bahati nasibu kwa tiketi inayopanda bei kila mwezi.

Sababu ya msingi ni ipi? Ugonjwa, msiba, moto, mafuriko, wizi wa kompyuta zenye hesabu, mfumo uliokataa kupokea ritani, au kosa la mamlaka yenyewe. Lakini sababu bila tarehe haina miguu. Ukileta karatasi ya hospitali inayoonyesha ulilazwa Mei 5 hadi 12, afisa atakuuliza: Juni 30 ulikuwa wapi? Na Julai? Na Agosti? Adhabu imehesabiwa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo na utetezi wako upange mwezi kwa mwezi: jedwali la safu tatu, yaani mwezi, kilichokuzuia, na kielelezo namba ngapi kinachothibitisha. Mwezi usio na kielelezo uache wazi. Ni afadhali uombe miezi mitatu unayoweza kuitetea kuliko kumi ambayo saba kati yake ni hadithi.

Kwa wizi, ambatisha taarifa ya polisi yenye namba ya RB (kitabu cha taarifa cha kituoni). Kwa mfumo kugoma, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa, na tuma barua pepe kwa ofisi yako ya TRA siku hiyohiyo, usingoje miezi miwili. "Sikujua" na "mhasibu wangu alichelewesha" andika ukipenda, ila usiyategemee. Mhasibu ni wako.

Barua iwe fupi, ukurasa mmoja na nusu. Iende kwa Kamishna Mkuu kupitia Meneja wa TRA wa mkoa wako. Juu kabisa weka TIN, aina ya kodi, mwaka wa mapato, kiasi cha adhabu na kiasi cha riba, kila kimoja kwenye mstari wake. Ambatisha uthibitisho wa ritani kupokelewa, risiti za malipo ya kodi ya msingi, stetimenti ya akaunti yako ya kodi na lile jedwali. Kwa kampuni, asaini mkurugenzi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, irudi nyumbani na wewe. Na yule kijana wa nje ya geti anayesema "namjua mtu wa ndani, nipe laki mbili" ni kishoka tu. Barua yako ataiweka kwenye begi.

Kama huwezi kulipa kodi ya msingi yote kwa mkupuo, omba kulipa kwa awamu, kwa barua nyingine, na pendekeza tarehe na viwango unavyoviweza kweli. Riba itaendelea kukimbia hata ukikubaliwa, lakini utakuwa na makubaliano mkononi badala ya kusubiri notisi ya uwakala, yaani agizo la TRA kwa benki yako ilipe deni kutoka kwenye akaunti yako.

Jambo moja linawagharimu watu bila wao kujua. Kama adhabu imewekwa kimakosa, mathalani ritani ulipeleka kwa wakati na uthibitisho unao, hapo huombi msamaha. Unaweka pingamizi, na una siku 30 tangu upokee uamuzi. Pingamizi la tathmini lina sharti la kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Barua ya msamaha haisimamishi hizo siku 30, na ndani yake unakuwa umekiri kosa.

Kwa hiyo msomaji wangu wa Kibaigwa: kesho asubuhi ingia kwenye akaunti yako ya TRA, angalia ni ritani za miaka gani zinaonekana hazijafika, uziandike kwenye karatasi, kisha mpigie huyo mhasibu wa Mwanza akupe hesabu zako. Barua ya tatu tutaiandika zikishapokelewa zote. Ukinitumia picha ya stetimenti, ziba TIN.