Mkandarasi Wangu wa Dohani Hakupanda Juu ya Paa

Juzi usiku dada mmoja aliniandikia: "Fundi ameitazama dohani yetu akiwa uani, akasema kazi ni ya siku mbili na anataka nusu ya hela leo ili awahi vifaa. Nimpe?" Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimekaa mbele ya meko yangu, ambayo siku hizi yanawaka bila kunitoa machozi, nikajikuta nimesimama. Akiwa uani. Siku mbili. Hela leo. Kama angeongeza kwamba jamaa ana viatu visivyo na vumbi, ningeapa ni yule yule wangu.

Nilimjibu kwa neno moja, usimpe, kisha nikakosa usingizi, maana neno moja halimsaidii mtu ambaye moshi umemjaa sebuleni. Basi hii hapa habari yote, na aibu zangu zimo.

Nyumba ninayoishi aliniachia baba. Dohani yake ni ya matofali ya kuchoma, yamejengwa kwa mota ya chokaa, yaani ule mchanganyiko unaojaza viungo, mistari iliyo kati ya tofali na tofali, na kwa miaka mingi sikuiwaza kabisa. Nani huwaza dohani? Kisha likatokea doa kwenye dari, pembeni tu ya ukuta wa dohani, rangi ya kutu, likawa linatanuka kila mvua ikinyesha. Juu ya matofali ukaota unga mweupe. Nikaufuta kwa kitambaa, ukarudi. Asubuhi nikifagia meko nakuta mchanga mchanga. Sasa najua kwamba unga ule ni chumvi: maji yakipita ndani ya tofali huyeyusha chumvi zilizomo, yakifika usoni hukauka na kuziacha hapo. Ukuta ulikuwa unaniambia waziwazi kwamba unakunywa maji. Mimi nikanunua kitambaa kingine.

Niliwaita watu wawili. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja, mwashi, mkimya. Alisema hawezi kutaja bei mpaka apande, na kupanda kukagua kunalipiwa, hata nisipompa kazi. Nilichukia. Kulipia kutazama? (Daktari namlipa anitazame na sijawahi kulalamika, lakini hilo halikunijia siku ile.) Nikamshukuru, nikamwambia nitampigia.

Wa pili alikuja na gari, kadi, na tabasamu. Alikinga jua kwa kiganja, akainua kidevu, sekunde kama kumi hivi. "Mama, hapo ni viungo tu. Tunakwangua, tunapiga saruji ya nguvu, tunapaka dawa ya kuzuia maji, unasahau. Siku mbili."

Niseme linalonichoma mpaka leo. Sikumuuliza swali hata moja, na si kwamba nilimwamini. Niliona haya kuonekana sijui. Mimi ambaye kazini nakagua hesabu za watu mpaka wananung'unika, mbele ya mtu mwenye mwiko mkononi nikawa mtoto. Na wala mwiko hakuwa nao.

Nikamlipa asilimia 70 kabla tofali halijaguswa. Mkataba wetu ulikuwa ujumbe wa simu: "Sawa mama kesho tupo."

Kesho walikuja vijana wawili ambao sikuwahi kuwaona. Yeye mwenyewe nilimwona mara tatu tu: siku ya kukubaliana, siku ya kupokea hela, na siku ya kupokea hela iliyobaki. Vijana walipanda na grinda, wakachana viungo kwa kelele na vumbi jekundu. Vumbi jekundu, ndugu zangu! Mota yangu ilikuwa nyeupe. Kilichokuwa kinachanwa ni tofali. Nilikuwa nimesimama pale pale chini, nikaliona likiniangukia mabegani, nikaingia ndani kufunga madirisha.

Walipomaliza ilipendeza, siwezi kudanganya. Mistari ya kijivu imenyooka, tofali linang'aa kwa ile dawa. Nilipiga picha nikawatumia ndugu wote, na kaka yangu akaandika, "Umeweza kuliko sisi wanaume." Picha ile bado ninayo. Siioneshi mtu.

Mvua ya kwanza, doa likaongezeka. Mvua ya tatu, likawa mawili. Baada ya msimu mmoja wa baridi, nyuso za matofali zikaanza kumenyuka kama ganda, vipande vinadondoka uani na ile rangi ya dawa bado imeng'ang'ania juu yake. Nilimpigia. Kwanza alikuwa safarini. Kisha simu haipatikani. Nilipompata kwa nambari ya mtu mwingine, aliniambia, "Mama, mimi niliziba. Mvua sikuiagiza mimi." Miaka imepita na jibu hilo bado nalitafutia jibu.

Ikabidi nimpigie yule mzee. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya kujitetea. Hakuyasubiri. Alifika, akaangalia juu mara moja, akauliza, "Ngazi ipo?"

Alikaa kule juu zaidi ya saa nzima. Nilimsikia akigonga kwa mpini wa nyundo, tofali moja moja, na hata mimi niliyekuwa chini nikaanza kutofautisha: mengine yalilia kwa mlio mkavu, mengine yalitoa sauti ya kitu kilichooza. Aliposhuka alikuwa na vipande viwili kiganjani. Kimoja cha mota ya zamani. Akakisaga kwa kidole gumba kikawa unga. Kingine cha ile saruji ya kijana wangu mtanashati, kimebeba uso mzima wa tofali mgongoni. "Mota ndiyo inayotakiwa kufa," akasema, "tofali libaki. Hapa wamegeuza."

Nilimwomba anieleze tena taratibu, na nanyi nawaeleza kama nilivyoelewa. Ukuta wa matofali laini ya zamani hupumua kupitia viungo. Chokaa ni laini, hupitisha unyevu utoke, na nyumba ikicheza kidogo yenyewe ndiyo inayopasuka. Saruji ngumu haipitishi unyevu vizuri wala haikubali kucheza. Maji yakishaingia yanakosa pa kutokea isipokuwa kwenye uso wa tofali, na hapo chumvi ikiganda au baridi ikigandisha maji, uso unaruka. Ile dawa ya kung'aa ilimalizia kazi kwa kufunga hata huo mlango wa mwisho. Kwa hiyo mota ya kukarabatia haitakiwi kuwa na nguvu kuliko tofali. Mimi nililipia "saruji ya nguvu" nikajiona mjanja.

Lakini lililonikalisha chini ni hili: viungo vyangu havikuwa chanzo cha kuvuja. Maji yalikuwa yanaingia pale dohani inapotokeza kwenye paa, ambapo bati la kuzuia maji lilikuwa limebanduka upande mmoja, na kwenye lile zege la kileleni ambalo lilikuwa na ufa wa kupitisha sarafu. Ukiwa uani huwezi kuliona hata moja. Yule wa gari na tabasamu alitengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika mpaka kikaharibika, na palipoharibika hakupagusa.

Mzee akashusha kamera ndogo kwenye njia ya moshi. Kwenye simu yake nikaona bomba la udongo la ndani limepasuka mahali pawili, na kuta zake zimeganda kitu cheusi kinachong'aa kama lami. Kreosoti, masizi ya kuni mbichi na moto hafifu, na yenyewe huwaka. Moto wa ndani ya dohani huanzia hapo. Na kupitia ile mipasuko hewa ya kaboni monoksidi ingeweza kuingia vyumbani, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Chumba kinachopakana na ukuta ule ndicho wanacholala wanangu. Hapo sikusikia tena anachosema, nilikuwa nahesabu usiku.

Kazi yenyewe sitaielezea yote, ilikuwa vumbi na turubai kwa majuma. Waliondoa saruji kwa tindo na nyundo, si grinda, wakabadilisha matofali yaliyokufa, wakaingia ndani ya viungo angalau mara mbili ya upana wa kiungo kabla ya kujaza chokaa. Zege jipya la kileleni likatokeza nje ya ukuta, na chini ya ukingo wake wakaacha mfereji mdogo ili tone lidondoke lisiambae. Nikakatazwa kuwasha moto kwa wiki nne. Nililalamika. Mzee akasema zege halikauki, linakomaa, na ukilikimbiza litakulipa. Wahandisi wenyewe hupima nguvu ya zege likifika siku 28, basi nikanyamaza nikavaa sweta.

Sasa dada yangu, na nyote mnaonisoma mkiwa na nyumba mnazozipenda: apande. Sijui niliseme mara ngapi. Mtu asiyepanda hakuuzii ukarabati, anakuuzia maneno. Akishuka akuoneshe picha za alichokiona, na bei ije baada ya picha. Kama kukagua kunalipiwa, lipa, ni hela ndogo kuliko zote utakazotoa.

Muulize swali ambalo jibu lake tayari unalijua. Mimi siku hizi nauliza dohani inatakiwa kupita paa kwa kiasi gani. Kanuni inayotumika Marekani, na mafundi wengi wanaijua, ni kwamba ipite paa kwa angalau sentimita 90 pale inapotokeza, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Sijali sana akikosea tarakimu. Nataka kuona anafanya nini asipojua: anasema "ngoja niangalie" au anacheka na kukuita mama.

Andikeni. Mota ya aina gani, viungo vichimbwe kina gani, nani hasa atakayepanda, nani atalipa tofali likivunjika. Ujumbe wa "kesho tupo" si mkataba, ni salamu. Na hela itoke kwa hatua, kazi ikionekana. Vifaa nunua mwenyewe ukiweza, au mlipe dukani ukiwa naye. Mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza nimbakizie asilimia kumi mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Nilidhani ananitania. Alipokuja kuichukua alipita moja kwa moja mpaka kwenye dari, akaliangalia doa, akaligusa, akalikuta kavu, ndipo akakaa.

Na usione haya kuuliza. Nyumba ni yako, hela ni yako, watoto ni wako. Fundi anayekasirishwa na swali amekusaidia, ameondoka mapema.

Doa lenyewe bado lipo darini, kavu, sijalipaka rangi. Jana fundi rangi alinitumia ujumbe kwamba jirani amemweleza habari zake, kazi ni ya nusu siku, nimtumie hela ya rangi. Nimemjibu aje na ngazi.