Mahabusu anaumwa, ufunguo ninao mimi: nitii amri?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni askari jela hapa Uganda. Wadi yetu ina vijana walioletwa kwa ajili ya maandamano ya amani, na mmoja wao ana kisukari. Mama yake alileta insulini langoni, ikatiwa kwenye droo ya ofisi, tukaambiwa haendi zahanati mpaka amri itoke juu. Usiku wa tatu alikuwa anatapika, anahema kama mtu aliyetoka mbioni, akaniita: "Afande, maji." Maji nilimpa. Asubuhi ndipo akapelekwa hospitali, na yu hai. Wenzangu wanasema jela si hoteli, na hawa ni waasi. Je, nina dhambi, nami nilitii tu? Na mshahara wangu ni halali?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, ndugu yangu. Nianze na hilo la "nilitii tu", maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Mtume (s.a.w.) alituma kikosi, akakiwekea amiri. Huko safarini amiri akakasirika, akaamuru kuni zikusanywe na moto uwashwe, kisha akawaambia watu wake waingie. Wakabaki kutazamana mpaka moto ukazimika na hasira zikamshuka. Habari zilipofika Madina, Mtume akasema lau wangeingia wasingetoka humo kamwe. Utii ni katika mema tu. Wameipokea Bukhari na Muslim. Yule aliwekwa na Mtume mwenyewe, na bado amri yake ya moto haikuwa na utii. Sembuse afande wako? Hata sheria ya Uganda ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso haimpi mtesaji kisingizio cha amri ya mkubwa.

Utaniambia hukumtesa, hukumgusa hata kwa kidole. Hapa ndipo pazito. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameandika: mtu akimfungia mwenzake, akamnyima chakula na maji, na akamzuia kujitafutia, hadi ukapita muda ambao kwa kawaida aliye katika hali hiyo hufa, akafa, basi hayo ni mauaji ya makusudi. Shika hilo neno "akamzuia kujitafutia". Kijana huyu angekuwa nje angejidunga sindano yake mwenyewe kabla ya chai, asingemsumbua mtu. Kufuli ndiyo iliyomwondolea uwezo huo, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwako. Dawa ya mgonjwa wa namna hii ni kama maji kwa mwenye kiu. Tena ilikuwepo, ndani ya droo!

Ama "hawa ni waasi": katika vita vya Ngamia, mwaka wa 36 Hijria, Sayyidna Ali (r.a.), akiwa khalifa, alipambana na watu waliomjia na panga, na bado akakataza kumalizwa majeruhi wao. Huyo wenu alibeba bango. Na Suratul-Insan, aya ya 8, inapowasifu wanaowalisha masikini, yatima na mfungwa, sahaba Ibn Abbas alisema wafungwa wa siku zile walikuwa washirikina. Sasa siasa ya kijana itazuiaje sindano?

Kwa hiyo ndiyo, una dhambi, ingawa waliotoa amri wamebeba kubwa zaidi. Mshahara wako ni halali maadamu kazi yenyewe ni ulinzi. Kilicho haramu ni kitendo kile.

Toba yako ina pande mbili. Kwa Mola wako unajua njia. Kwa kijana, hiyo ni haki ya mja, haifutwi kwa istighfari peke yake: mwombe radhi yeye mwenyewe, uso kwa uso, na akikataa usimlaumu.

Likitokea tena, mwite mganga wa zamu, andika katika daftari la zamu saa uliyomwita na alichojibu, na ipeleke dawa mkononi mwa mgonjwa. Najua unaweza kuamka na barua ya uhamisho wa kwenda Karamoja, mbali huko kaskazini-mashariki. Ukishindwa kabisa kusema ndani, mpe habari mama yake, au Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo Katiba imeipa mamlaka ya kuingia magereza na kukagua. Hiyo si kufichua siri ya kazi. Lakini anza na droo: kama bado kuna dawa ya mtu humo, itoe leo.

Wallahu a'lam.